Kupatana bei kwa Kijerumani: mwongozo kamili kwa anayejifunza lugha

Wengi wanaojifunza Kijerumani hufika kiwango cha A2 wakiwa wanaweza kuagiza kahawa, kuuliza njia na kujaza fomu za ofisini. Wakisimama mbele ya meza ya vitu vilivyotumika Berlin au Köln, wanakwama. Ama wanalipa bei ileile waliyotajiwa, ama wanataja bei inayomkera muuzaji na mazungumzo yanaishia hapo.

Tatizo si uhaba wa maneno, kwa sababu maneno yanayohitajika hayajazi hata ukurasa. Wanaokwama hukwama kwa sababu mbili. Kwanza, hawazidaki namba zinapotamkwa kwa kasi. Pili, wanaingia na mwendo wa Kariakoo au Gikomba, wa kushuka nusu, kubembeleza, kugeuka na kungoja kuitwa, mahali ambapo mazungumzo ya bei huwa na sentensi nne au tano tu. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili.

## Utakavyohitaji

- Kijerumani cha A1 kilichokamilika. A2 ni bora zaidi, lakini si lazima.
- Daftari dogo na kalamu, za kuandikia namba unayoisikia na kumwonyesha muuzaji ukiwa na shaka.
- Fedha taslimu kwa noti ndogo: za euro 5, 10 na 20, pamoja na sarafu za 1 na 2. Wauzaji wengi wa sokoni hawana chenji asubuhi.
- Simu yenye programu ya Kleinanzeigen (iliyokuwa ikiitwa eBay Kleinanzeigen hadi 2023), ili uone watu wengine wanauza kitu kama hicho kwa bei gani.
- Sauti za kusikilizia namba. Deutsche Welle wana taarifa ya habari inayosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten, na imejaa namba za kila aina.
- Mtu mmoja wa kufanya naye mazoezi. Hata kama Kijerumani chake ni kidogo kuliko chako, anafaa.

## Hatua ya 1: Jua pa kuomba punguzo na pa kunyamaza

Ujerumani bei nyingi hazizungumzwi kabisa. Supamaketi, tiketi za treni, sigara na dawa za cheti cha daktari, hapo unalipa kilichoandikwa. Vitabu vipya vina bei iliyowekwa kwa sheria ya 2002, kwa hiyo mwenye duka akikupunguzia yeye ndiye anayevunja sheria. Ukitaka kitabu kwa bei ya chini tafuta chenye muhuri wa Mängelexemplar, yaani nakala yenye kasoro, kwani hicho hakibanwi na bei ya kisheria. Maduka ya hisani kama ya Oxfam nayo yaache. Bei zao ni ndogo tayari na fedha zinakwenda kwenye msaada.

Pa kuzungumza bei ni hapa: Flohmarkt au Trödelmarkt (soko la vitu vilivyotumika), matangazo ya watu binafsi kwenye Kleinanzeigen, magari yaliyotumika, maduka ya samani na ya makabati ya jikoni, bidhaa ya maonyesho dukani, makadirio ya mafundi, na vitu anavyokuachia mpangaji anayehama. Haya mengine yana hatua yake chini.

Masoko ya mboga yapo katikati. Kwenye soko la Maybachufer, Berlin, linalofanyika Jumanne na Ijumaa, huna haja ya kupigania kilo moja ya nyanya saa sita mchana. Subiri karibu na kufunga, wauzaji wenyewe wataanza kupaza sauti na kushusha bei.

Halafu jifunze alama za matangazo, maana zinakuambia mapema kama mlango uko wazi:

- VB au VHB (Verhandlungsbasis): bei ya kuanzia mazungumzo. Ni ile "maongezi yapo" ya matangazo ya kwetu.
- Festpreis au FP: bei haipungui. Ukiomba punguzo hapa, wengi hawakujibu kabisa.
- Zu verschenken: kinatolewa bure. Usiulize bei, uliza lini ukichukue.

Umefaulu ukiwa: ukitazama tangazo au kibao, unajua papo hapo kama utaomba, utasubiri au utalipa tu.

## Hatua ya 2: Zitie namba masikioni

Hapa ndipo mwongozo mzima unaposimamia, na ndipo wengi wanaporuka. Ukikosea kivumishi muuzaji atakuelewa. Ukikosea namba utalipa zaidi, au utatoa ofa ambayo hukuikusudia.

Mpangilio uliogeuzwa. Sisi tunasema ishirini na tano, kumi mbele. Mjerumani anaanza na tano: *fünfundzwanzig*. Akisema *vierunddreißig*, sikio letu linadaka "nne… thelathini" na mkono unaandika 43. Dawa yake ni ya mkono zaidi kuliko ya kichwa: unapoandika, acha nafasi ya tarakimu moja upande wa kushoto, andika kwanza tarakimu uliyoisikia kwanza, kisha rudi ujaze nafasi. Ukifanya hivyo kwa dakika chache kila siku, baada ya muda unaacha kuhitaji karatasi.

Jozi zinazofanana. *Fünfzehn* (15) na *fünfzig* (50), *sechzehn* na *sechzig*, *siebzehn* na *siebzig*. Mkazo uko mwanzoni kwa zote, kwa hiyo usiutegemee. Sikiliza mwisho: *-zehn* ina "e" ndefu na inafungwa na "n", ilhali *-zig* ni fupi na hutamkwa karibu na "tsich", au "tsik" kusini mwa nchi. Ukiwa na shaka, uliza hivi: *Fünfzehn, also eins-fünf?* Kutaja tarakimu mojamoja kunamaliza utata palepale, na hakuna anayekuona mshamba kwa hilo.

Lugha ya mtaani. *Zwo* ni *zwei*, na hutumika sana ili isichanganywe na *drei*. *Zwofuffzig* ni euro mbili na senti hamsini. *Ein Zehner* ni noti ya kumi, *ein Zwanni* ni ishirini, *ein Fuffi* ni hamsini, *ein Hunni* ni mia. *Zwölfhundert* ni 1200. *Anderthalb* ni moja na nusu.

Namba zilizoandikwa. Mkato na nukta vimebadilishana kazi ukilinganisha na tulivyozoea. *1.200 €* ni euro elfu moja na mia mbili, na *3,50 €* ni euro tatu na senti hamsini. Angalia pia mwandiko wa vibao vya sokoni: moja ya Mjerumani ina mkia mrefu unaopanda kushoto na kwa macho yetu inafanana na saba, ilhali saba yao hukatwa kwa mstari katikati. Kibao cha *15* kilichoandikwa kwa kalamu nene kinaweza kusomeka kama 75. Tafuta mstari wa katikati. Usipouona, hiyo ni moja.

Umefaulu ukiwa: mwenzako anakutajia namba kumi kwa kasi ya kawaida, zikiwemo jozi zile, nawe unaziandika zote bila kosa. Kabla ya hapo usiende hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Panga bei tatu kabla hujafungua mdomo

Mjini kwetu bei hupangwa mdomoni, mazungumzo yakiendelea. Kwa lugha ngeni huwezi kufikiri na kutafsiri kwa wakati mmoja, kwa hiyo hesabu imalizike mapema. Andika kwenye daftari bei ya kuanzia, bei unayoilenga, na kikomo. Kikomo hicho Wajerumani hukiita *Schmerzgrenze*. Ziandike kwa maneno, si kwa tarakimu, ili ukifika wakati uzisome tu: *zwanzig, vierundzwanzig, sechsundzwanzig*.

Uanzie wapi? Mtu binafsi anayeuza Ujerumani mara nyingi hutaja bei iliyo karibu na anayoitaka, akiacha upenyo mdogo tu. Hajapandisha mara mbili akitegemea kushushwa. Ndiyo maana nusu bei inamwuma, anaona umemfanya mwongo. Kipimo ninachokishauri ni hiki: kwenye Flohmarkt, anza na kama theluthi mbili ya bei. Kwenye tangazo la VB, anza chini kwa asilimia 15 hadi 20. Nusu bei iache kwa vitu vya euro mbili tatu, au kwa saa ya mwisho ya soko wauzaji wanapoanza kufunga masanduku.

Saa yenyewe ni sehemu ya bei. Asubuhi na mapema ndipo vitu vizuri vilipo, lakini muuzaji ana siku nzima mbele yake na haoni haja ya kupunguza. Karibu na kufunga vilivyobaki ni vichache, ila hakuna anayetaka kuvipakia tena garini. Kwenye soko la Mauerpark, Berlin, Jumapili, tofauti hiyo utaiona kwa macho.

Onyo: kikomo chako usikitaje, hata ukiulizwa kwa upole *Was wäre denn Ihre Schmerzgrenze?* Jibu kwa bei ya kuanzia.

## Hatua ya 4: Salimu, kisha uliza bei kwa sentensi inayofungua mlango

Salamu ni lazima, na iwe fupi. *Guten Morgen* au *Hallo* inatosha kokote. Hamburg na kaskazini utasikia *Moin* saa yoyote ya siku, Bavaria *Servus* au *Grüß Gott*. Habari za nyumbani, watoto na kazi haziulizwi. Kwa muuzaji wa huko kuziuliza si adabu zaidi, ni kumchanganya.

Anza na *Sie*. Muuzaji akikuita *du*, nawe hamia *du*. Kwenye masoko ya Berlin hilo hutokea mara moja, hasa kati ya vijana. Kwa mzee aliyekaa nyuma ya sahani za porseleni, baki na *Sie* mpaka mwisho.

Kisha chagua moja:

- *Was kostet das?* Swali la kawaida. Jibu lake ni bei.
- *Was möchten Sie dafür haben?* Ungependa upewe kiasi gani? Hili ni bora, kwa sababu linamwonyesha muuzaji kwamba unaichukulia bei kama jambo la kuzungumzwa.

Kama hujui jinsia ya kitu, yaani *der*, *die* au *das*, elekeza kidole na useme *das*. Hakuna atakayekusahihisha sokoni.

Umefaulu ukiwa: umepata namba moja na umeirudia kwa sauti. *Dreißig, ja?* Kurudia kunahakikisha umesikia sawasawa, na kunakupa sekunde mbili za kupumua.

## Hatua ya 5: Sababu moja, ombi moja, kisha nyamaza

Huu ndio moyo wa mazungumzo, na una sehemu tatu kwa mpangilio huohuo.

Sababu. Mjerumani hupunguza kirahisi akipewa sababu inayohusu kitu chenyewe au namna ya kununua. Chagua moja tu:

- *Hier fehlt ein Knopf.* Hapa kifungo kimetoka.
- *Da ist ein Kratzer.* Hapa kuna mchubuko.
- *Der Reißverschluss klemmt.* Zipu inakwama.
- *Ich nehme beide.* Nachukua vyote viwili.
- *Ich bezahle bar und nehme es gleich mit.* Nalipa taslimu na nakichukua sasa hivi.

Taja kasoro bila kukiponda kitu. *Das ist schlecht* ni tusi dogo, *hier fehlt ein Knopf* ni habari. Kingine: acha kueleza hali yako ya fedha. "Mimi mwanafunzi, sina hela" kwetu ni maneno ya kawaida ya sokoni na muuzaji hucheka. Pale hufanya watu wote wawili waone aibu.

Ombi. Tumia *würden* au *könnten*. Hayo ndiyo yanayobeba adabu yote, kama "naomba" inavyobeba kwetu.

- *Würden Sie das für zwanzig abgeben?* Ungeniachia kwa ishirini?
- *Könnten Sie mir beim Preis etwas entgegenkommen?* Unaweza kunisogelea kidogo kwenye bei?
- *Geht da noch was am Preis?* Bei inasogea? Hili ni la kirafiki, la sokoni.
- *Was machen Sie mir für einen Preis, wenn ich alle drei nehme?* Nikichukua vyote vitatu, utaniwekea bei gani?

La kwanza ndilo bora kwa anayejifunza, maana linataja namba yako. Maswali ya wazi humwachia muuzaji uhuru wa kujibu kwa hotuba usiyoielewa. Ukitaja namba, naye atajibu kwa namba.

Usiseme kamwe *Was ist letzte Preis?* Sentensi hii hutoka midomoni mwetu kwa sababu "bei ya mwisho ngapi?" ni swali halali kabisa Dar au Mombasa. Ujerumani imekuwa kichekesho cha matangazo ya mtandaoni. Mtu akiisikia anajiandaa kwa usumbufu, na wapo wanaoandika kwenye tangazo kwamba hawajibu swali la "letzter Preis". Hata ukiisahihisha sarufi yake, bado inabisha hodi vibaya.

Kimya. Ukishasema namba, funga mdomo. Anayejifunza lugha hukiogopa kimya na hukimbilia kukijaza, mara nyingi kwa kuongeza bei yake mwenyewe. Muuzaji anakitazama kitu, anaguna, anamtazama mwenzake. Anafikiri. Mwache afikiri.

Saa ya mwisho ya soko kuna sentensi inayofaa kuliko zote: *Bevor Sie das wieder einpacken: würden Sie es für zehn abgeben?* Kabla hujakifungasha tena, ungeniachia kwa kumi?

## Hatua ya 6: Tambua jibu ulilopewa

Majibu ni mengi kwa maneno, lakini yanaingia katika mafungu matatu.

Mlango uko wazi. *Was bieten Sie denn?* au *Was haben Sie sich vorgestellt?* Anataka utaje bei, itaje. *Na gut*, *meinetwegen*, *weil Sie's sind*: amekubali. Hilo la mwisho maana yake ni "kwa kuwa ni wewe", na wauzaji hulisema kwa tabasamu hata kwa mtu wasiyemjua.

Mlango uko nusu. *Siebenundzwanzig, dann gehört er Ihnen.* Amepanda juu ya ofa yako lakini ameshuka kwenye bei yake. Jibu kwa *Sagen wir vierundzwanzig?* au *Treffen wir uns in der Mitte?*, yaani tukutane katikati. Angalizo: kabla ya kusema tukutane katikati, piga hesabu ya katikati yenyewe. Usipendekeze usichoweza kukilipa.

*Ich hab dafür neu hundertzwanzig bezahlt* (mimi nilikinunua kipya kwa 120) nalo ni mlango nusu. Hajakataa, anajieleza. Itikia *Das glaube ich Ihnen*, nakuamini, halafu rudia namba yako au ipandishe kidogo.

Mlango umefungwa. *Da geht nichts mehr. Das ist schon günstig. Mein letztes Wort. Unter zwanzig geb ich's nicht her.* Huyu amemaliza. Neno la mwisho la Mjerumani mara nyingi ni la mwisho kweli. Ukigeuka kuondoka ukitegemea kuitwa, utafika kituo cha treni bila koti.

Tazama mazungumzo mazima, ya koti la baridi:

— *Guten Morgen. Was möchten Sie für den Mantel haben?*
— *Dreißig.*
— *Dreißig, ja? Darf ich ihn mal anprobieren?* (Naweza kulijaribu?)
— *Klar.*
— *Er passt gut. Aber hier fehlt ein Knopf. Würden Sie ihn für zwanzig abgeben?*
— *Hm. Nee, zwanzig ist zu wenig. Siebenundzwanzig.*
— *Sagen wir vierundzwanzig?*
— *Fünfundzwanzig, und Sie kriegen den Schal dazu.* (Na skafu nakupa juu yake.)
— *Einverstanden.*

Angalia mambo mawili. Mnunuzi alilisifu koti, *er passt gut*, na bei haikupanda kwa sababu hiyo. Na muuzaji aliongeza skafu badala ya kushusha euro moja ya mwisho. Ukiona namba imegoma, omba nyongeza: *Können Sie noch etwas dazulegen?* Ndiyo bakshishi yao.

Umefaulu ukiwa: unalitambua fungu la jibu hata kama hukuelewa kila neno. Namba ikishuka, endelea. Ikibaki palepale mara mbili, amua.

## Hatua ya 7: Funga, au ondoka vizuri

Mkikubaliana sema *Einverstanden*, *Abgemacht*, au *Gut, dann nehme ich es*. Hapo mmefunga. Kisheria makubaliano ya mdomo ni mkataba Ujerumani, na kibinadamu ni zaidi ya hapo. Ukishasema ndiyo, usirudi kuomba euro mbili nyingine wakati wa kulipa.

Onyo kubwa: unapokabidhi noti, usiseme *Stimmt so*. Wanafunzi wengi hudhani maana yake ni "ni sawa". Maana yake kwenye malipo ni "chenji baki nayo". Ukitoa hamsini kwa kitu cha ishirini na tano ukasema hivyo, muuzaji ana haki ya kukushukuru. *Passt so* nayo ni vilevile.

Usipokubaliana: *Danke, ich überlege es mir noch.* Asante, nitafikiria. Hakuna kununa wala maelezo. Ukizunguka soko na kurudi, hilo halina aibu: *Ich habe es mir überlegt. Ich nehme es.*

## Hatua ya 8: Kupatana kwa maandishi

Kwa anayejifunza, hapa ni rahisi zaidi kuliko sokoni, kwa sababu una muda wa kufikiri. Lakini muuzaji hupokea meseji nyingi na huchagua inayoonekana ya mtu makini. *Noch da?* peke yake haijibiwi. Andika yote kwa mara moja: salamu, kitu, ofa, lini utakichukua, utalipaje, jina. Tangazo likiwa *Schreibtisch, 60 € VB*, meseji nzuri ni hii:

*Guten Tag,*
*ich interessiere mich für Ihren Schreibtisch. Wären 50 Euro für Sie in Ordnung? Ich könnte ihn am Samstag zwischen 10 und 13 Uhr abholen und bar bezahlen.*
*Viele Grüße*
(jina lako)

Siku na saa ndiyo sababu yako. Muuzaji anataka nafasi sebuleni mwake, na mtu mwenye saa maalumu ana thamani kuliko mwenye euro tano zaidi asiyejulikana atakuja lini. Ukipewa saa, fika saa hiyo. Ukichelewa hata kidogo, tuma taarifa.

Bei mliyokubaliana ukaiheshimu mlangoni. Kujaribu kuishusha tena ukiwa umeshafika, bila kasoro mpya uliyoiona, ni tabia inayochukiwa sana. Kasoro ikiwepo kweli na haikutajwa, iseme: *Davon stand nichts in der Anzeige.* Hili halikuwa kwenye tangazo.

Kuhusu usalama: usihamie nje ya programu kwa mtu usiyemjua, usibonyeze kiungo cha "malipo" anachokutumia, usitume picha ya pasipoti. Akitaka PayPal kwa njia ya *Freunde und Familie*, kataa, kwa sababu njia hiyo haimlindi mnunuzi. Baiskeli omba *Kaufbeleg*, risiti ya ununuzi, na ulinganishe namba ya fremu. Ikiwa ya wizi, utaipoteza pamoja na fedha.

## Hatua ya 9: Vitu vikubwa

Jiko la mpangaji anayehama. Nyumba nyingi Ujerumani hupangishwa bila makabati ya jikoni, na anayehama hutaka kukuuzia yake. Fedha hiyo huitwa *Ablöse*. Wageni wengi hulipa bila neno wakiogopa kukosa nyumba, na hapa ndipo kunapopotea fedha nyingi kuliko kwenye makoti yote ya sokoni. Uliza *Wie alt ist die Küche?* na *Haben Sie noch die Rechnung?* Kisha: *Die Geräte sind zehn Jahre alt. Würden Sie sie für achthundert abgeben?* Sheria inakataza bei iliyopita thamani ya vitu kwa kiasi cha wazi. Andikianeni karatasi yenye orodha ya vitu, na usilipe kabla mkataba wa nyumba haujatiwa saini.

Dukani. Uliza bidhaa ya maonyesho: *Ist das ein Ausstellungsstück? Gibt es darauf einen Nachlass?* Mwajiriwa wa kawaida anaweza asiwe na mamlaka ya kupunguza, kwa hiyo mwombe kwa upole amwulizie aliye nayo: *Könnten Sie vielleicht kurz nachfragen?* Kwenye maduka ya makabati ya jikoni na samani kubwa, wanatarajia uulize.

Gari. Muuzaji binafsi anaweza kuandika kwamba hatoi dhamana yoyote, ilhali muuzaji wa biashara anawajibika kwa kasoro angalau mwaka mmoja. Tofauti hiyo ina thamani kuliko punguzo. Uliza *Wie lange hat er noch TÜV?* TÜV ni ukaguzi wa lazima wa gari. Hufanywa kila baada ya miaka 2, na muda wake ukiwa umekaribia kuisha ni sababu tosha ya kushusha bei.

Fundi. Omba *Kostenvoranschlag*, makadirio kwa maandishi, na uulize *Gibt es Skonto?* Hilo ni punguzo la asilimia 2 au 3 kwa anayelipa mapema. Akikuambia bei itashuka *ohne Rechnung*, bila risiti, kataa. Ni kazi ya magendo, na kazi ikiharibika huna pa kumdai.

## Ukikwama

Hukuelewa alichosema. *Könnten Sie das bitte noch mal langsam sagen?* Ukishindwa tena, toa daftari: *Könnten Sie mir die Zahl aufschreiben?*

Amekasirika kwa ofa yako. *Entschuldigung, ich wollte Sie nicht beleidigen.* Kisha taja namba ya karibu zaidi, mara moja tu, au aga.

Anakujibu kwa Kiingereza. Hutokea sana mijini, na kwa kawaida anakusaidia. Sema *Ich lerne noch. Können wir es auf Deutsch versuchen?* Wengi hufurahi na hupunguza kasi. Kama foleni iko nyuma yako, maliza kwa lugha yoyote, kisha nenda meza ya pembeni yenye vikombe vya euro moja, uanze upya na *Guten Morgen*.